Barua Iliyokatwa Salamu

Mwaka wa 2000, ule mwaka stima ilikuwa inakuja kwa zamu na ng'ombe wanaanguka kando ya barabara ya Namanga, kulikuwa na chumba kimoja hapo Kitengela, nyuma ya duka la kuuza dawa ya mifugo. Mlango wake uliandikwa kwa rangi ya bluu: WAHU TYPING BUREAU. Ndani kulikuwa na taipureta mbili, moja ya umeme ya kungoja zamu ya stima, na moja ya mkono, nzito kama jiwe la kusagia. Kulikuwa na Dolphine, dada wa kuchapa. Kulikuwa na msumari mrefu ukutani, wa kudunga karatasi zote zilizoandikwa kwa mkono zikishachapwa. Halafu kulikuwa na kiti. Cha plastiki, cheupe, mguu mmoja umefungwa na waya. Hicho kiti ndio kesi yote.

Kiti kilikuwa cha Ouma.

Ouma alikuwa amemaliza Form Four mwaka uliopita. Kizungu alipata A. Hesabu tuiache hapo ilipo. Baba yake alikuwa anataka amuingize kwa kiwanda cha simiti huko Athi River, abebe magunia kwanza halafu Mungu ataonekana, lakini Ouma alisema yeye na A yake hawawezi kubeba magunia. Ndio akaingia kwa Mama Wahu. Kazi yake ilikuwa kusahihisha. Unaleta barua yako ya kuomba kazi, umeandika "I am having two years experience", Ouma anatoa kalamu nyekundu, chwaa, anaandika "I have". Umeandika "I am requesting for", chwaa, hiyo "for" inalala. Umeandika "let us discuss about", anakuangalia kwanza, anatikisa kichwa kama daktari ameona eksirei mbaya, halafu chwaa. Watu walimbatiza Kalamu. Ukipita sokoni unasikia, "Kalamu, niaje!" na yeye anatembea kama mtu ako na cheo.

Sasa, mwezi wa sita, Mama Wahu akaleta Nick.

Nick Simel alikuwa kijana wa Kajiado, mrefu, mpole, amemaliza Form Four mwaka huo huo mmoja na Ouma. Kizungu alipata B. Ouma aliuliza siku ya kwanza kabla hata ya kumuuliza amelala wapi.

"B plain ama B plus?"

"B tu," Nick akasema, akacheka. "Plus ilikataa."

Ouma akasikia moyo umetulia. Lakini Mama Wahu akasimama mlangoni, mikono kiunoni, na akasema hivi: "Watu wa Isinya na Kajiado wanapita hapa na barua zao wanaenda Nairobi. Wakichungulia ndani wanaona Ouma amekunja uso, wanarudi. Huyu ni wao, ataongea na wao. Lakini sikilizeni vizuri. Stima hakuna, kazi imepungua, chumba ni ndogo. Mwezi wa nane ikiisha nabaki na mmoja. Yule wateja watakuwa wanaulizia, huyo ndiye atakalia hiki kiti."

Nick akapewa kreti ya soda ageuze akalie. Ouma akakaa kwa kiti chake na akakishika na mikono yote miwili, kama mtu ako kwa merikebu ya kupembea siku ya sherehe.

Wiki ya kwanza Ouma hakuogopa. Huyo mjamaa alikuwa pole pole ajabu. Mtu akija, Nick hamuulizi barua iko wapi. Anamsalimia. Anamuuliza ametoka wapi, huko kumenyesha, ng'ombe wamebaki wangapi, mama amepona? Nusu saa inaisha na karatasi bado ni nyeupe. Ouma kwa hiyo nusu saa amechinja barua tatu.

Wiki ya pili akaanza kuona kitu. Watu wa Nick walikuwa wanatoka wakicheka. Watu wake walikuwa wanatoka wameangalia chini.

Wiki ya tatu Wilkister, mwalimu wa nasari, mteja wake mwenyewe tangu mwezi wa tatu, akaingia na barua yake ya kuomba uhamisho, akampita Ouma hivi, akaenda akaketi karibu na kreti.

"Madam, mimi niko hapa," Ouma akasema.

"Nimekuona, Kalamu. Leo nataka huyu."

"Huyu ako na B."

"Na mimi niko na D," Wilkister akasema, "kwa hivyo tutaelewana. Wewe ukinisahihisha nasikia ni kama nimeitwa mbele ya darasa na sketi imepasuka."

Dolphine alicheka mpaka akaacha kuchapa. Na hicho kicheko ndio kilimuingia Ouma kama mwiba wa mgunga. Kwa sababu, tuseme ukweli, Ouma alikuwa anampenda Dolphine, na alikuwa hajamwambia, alikuwa anangoja apate sentensi ambayo haina makosa. Sasa akaanza kuhesabu vicheko. Asubuhi Nick amepata vinne, yeye kimoja, na hicho kimoja ni vile aligonga kichwa kwa rafu. Chai ya saa nne, Dolphine anamimina kikombe cha Nick kwanza. Mandazi, Nick anaulizwa kama anataka ya pili. Ouma haulizwi, Ouma anapimiwa.

Usiku analala kwa kitanda chake anaangalia mabati, anajiambia: lakini bado anaacha makosa. Anaacha makosa, na hakuna mtu anaona. Siku moja nitawaonyesha.

Siku ikafika. Ilikuwa Jumatano, karibu mwisho wa mwezi wa nane.

Mzee mmoja aliingia, shuka nyekundu, koti ya suti juu, gumboots. Nick alisimama mara moja, akainamisha kichwa kwa salamu, mzee akamgusa utosini. Mzee alikuwa anaitwa Kisemei, boma lake liko upande wa Kajiado. Kijana wake mkubwa, Kuntai, alikuwa anafanya kazi kule Magadi, huko kwa joto, na ndugu zake wawili walikuwa wanaishi na yeye. Mzee alikuwa anataka aandikiwe barua. Shamba lao la ukoo lilikuwa limekatwa vipande, na mzee alikuwa anataka kuwagawia watoto wake watatu akiwa bado anaona kwa macho yake. Kikao cha ardhi Kajiado kilikuwa Jumatatu ya wiki itakayofuata. Kuntai lazima akuje na ndugu zake. Na barua iwe ya Kizungu, maanake Kuntai ataionyesha mkubwa wake wa kazi apewe ruhusa, na huyo mkubwa ni mgeni, Kiswahili hasikii, Kimaasai ndio usiseme.

Mzee aliongea, Nick akaandika. Mzee aliongea sana. Ouma alikuwa anachungulia na jicho moja, na anaona vile karatasi inajaa, na jambo lenyewe bado halijaguswa. Mwisho mzee akasema anaenda kutafuta tumbako, atarudia barua ikishachapwa. Nick akamsindikiza mpaka barabarani, kama kawaida yake.

Karatasi ikabaki juu ya meza ya Dolphine.

Ouma akaiokota.

Maze, ilikuwa ni nini hiyo? Page nzima. "My son Kuntai, how are you, how is the heat of that place. I your father I am well, only the knee. Your mother is well. The cows they are remaining seven, but the seven are standing. It has not rained but we saw a cloud on the side of Kimuka." Hivyo hivyo mpaka chini, mbuzi, jirani, mtoto wa jirani, kisima. Mistari mitatu ya mwisho ndio ilikuwa na shamba na Jumatatu.

Ouma alisikia furaha. Sio furaha nzuri. Ile furaha ya kupata adui yako amelala na viatu vyake viko mlangoni.

"Dolphine, umeona hii kitu? Hii ni barua ama ni hadithi ya watoto? 'I your father I am'! 'The cows they are'! Na hii inaenda kwa ofisi ya kampuni kubwa!"

"Si ungoje Nick arudi?" Dolphine akasema.

"Nick atafanya nini? Mimi ndio niko kwa kiti."

Na akatoa kalamu nyekundu. Chwaa, goti likaenda. Chwaa, mama akaenda. Ng'ombe wote saba wakaenda mara moja na mstari mmoja mrefu. Wingu la Kimuka likaenda. Hata hakusahihisha, alifagia. Halafu akaona "I your father Kisemei" pale mwisho, akaona hiyo ni ya kitoto, akaandika kitu kizito: "The Family of Mzee Kisemei". Ikabaki hivi:

"Come home at once with your brothers. The land is to be divided on Monday next week. Carry your identity cards. The Family of Mzee Kisemei."

Safi. Hakuna kosa hata moja. Angeipeleka kwa mwalimu wake wa zamani, angepigiwa makofi.

"Chapa," akasema.

Dolphine akaangalia karatasi, akaangalia Ouma, akachapa. Akadunga ile ya mkono kwa msumari. Mzee akarudi, akaweka kidole chake cha wino pale chini, bahasha ikafungwa, na dereva mmoja wa lori aliyekuwa anaelekea Magadi akapewa apeleke. Nick, aliyekuwa amekawia barabarani akisalimia watu, aliporudi aliuliza barua imeenda? Akaambiwa imeenda. Hakuuliza ingine. Ouma alikaa kwa kiti akakunja nne, akangoja sifa zitoke Magadi.

Jumanne ya wiki mbili baadaye, saa nne ya asubuhi, mlango ukajaa. Wanaume watatu. Wote watatu vichwa vimenyolewa vikang'aa kama yai. Yule wa mbele alikuwa ameshika barua.

"Nani ameandika hii?"

Mama Wahu akatoka nyuma na kikombe cha chai.

"Kwani kuna shida, baba?"

"Mimi ni Kuntai wa Kisemei," yule mtu akasema, na sauti yake ilikuwa chini, ile chini mbaya. "Niliitwa kwa kazi nikapewa hii barua. Nikafungua. Haina salamu. Hata moja! Wewe mama, umeshaona wapi barua ya nyumbani haina salamu? Sisi mtu akija kwako anakula habari kwanza, ilomon, anasema watu, anasema ng'ombe, anasema mvua, ndio anasema kitu imemleta. Mtu akiingia na hasalimii, unajua kuna maiti. Mimi nikajua. Nikasoma, kuja haraka na ndugu zako, shamba linagawanywa. Shamba la baba linagawanywa lini? Si akishalala! Na chini hakuna jina la baba, ni 'family'. Hicho kidole cha wino nikasema ni cha mjomba. Nikaita hawa wadogo wangu tukalia. Tukanyoa vichwa, vile tunanyolea marehemu. Bibi yangu akavua shanga zote. Tukapanda lori mpaka Kiserian, tukakata mpaka Isinya, tukaingia nyumbani kila mtu analia."

Akajishika kichwa kilichonyolewa.

"Baba alikuwa nje. Anakula ugali."

Mdogo wake mmoja akageuza uso akaangalia ukuta.

"Mnacheka?" Kuntai akasema, na hakuna mtu alikuwa anacheka. "Baba alituona na hivi vichwa. Mtu mzima, anaona watoto wake wamemnyolea na ako hai. Hakuenda kwa kikao. Amekaa ndani tangu siku hiyo, anasema labda sisi tumejua kitu yeye hajaambiwa. Shamba limengoja. Nauliza tena. Nani ameandika?"

Mama Wahu akageuka. "Nick. Si huyo mzee alikuwa wako?"

Nick alikuwa ameshasimama. Alinyoosha mkono akapewa barua, akaisoma, na Ouma aliona kabisa vile uso wake ulibadilika. Alijua. Alijua kwa mstari wa kwanza. Akainua macho, na hakumwangalia Ouma. Hiyo ndio ilimuuma zaidi. Angemwangalia tu.

"Mzee alikuja kwangu," Nick akasema. "Ni mimi nilimketisha. Ni mimi sikungoja mpaka bahasha ifungwe. Hilo ni kosa langu."

Ouma alikuwa bado kwa kiti. Na usidanganyike, hapo ndani yake kulikuwa na sauti inamwambia: nyamaza, kiti kinabaki chako, mwezi umeshaisha, ni dakika moja tu unyamaze. Alikuwa anaweza kabisa. Lakini aliona mkono wa Dolphine. Mkono ulikuwa unapanda pole pole ukutani kwa msumari, kwa zile karatasi, na Dolphine alikuwa anamwangalia yeye, hana haraka, anampa nafasi.

Mpaka leo Ouma hajui kama aliongea kwa sababu ya Nick ama kwa sababu ya ule mkono.

"Ni mimi," akasema. "Yeye aliandika salamu zote. Mimi nilikata."

"Ulikata?" Kuntai akauliza. "Kwa nini?"

"Ilikuwa... ilikuwa ndefu."

Kuntai alimwangalia kutoka kwa viatu mpaka kwa nywele. Kila mtu alidhani atampiga. Badala yake alicheka kidogo, cheko kavu.

"Baba alisema. Nilimwambia naenda kupata huyo mtu nimvunje mkono wa kuandika, akasema hapana. Alisema hizo salamu alizitoa kwa mdomo wake na hazikufika. Mwenye alizikata azilete. Na miguu yake. Jumamosi."

Mama Wahu aliweka kikombe chini. "Ataenda," akasema. "Na Nick ataenda na yeye, atafsiri. Kiti nitasema mkirudi."

Ile Jumamosi walipanda matatu mpaka Kajiado. Kutoka mjini wakatembea saa nzima kwa vumbi, Nick mbele, Ouma nyuma, na mfukoni mwa Ouma ile karatasi ya msumari, na tundu katikati na mistari yake myekundu. Kila mtu waliyekutana naye njiani alisimama na Nick. Sopa, ipa, salamu kwanza, na maneno yanaenda, na watu wanacheka, na Ouma amesimama hapo kando kama mzigo. A yake ilikuwa mfukoni haina kazi. Alisikia wivu mpaka kwa meno. Huyu mtu hata barabara inamsalimia.

Mzee Kisemei alitolewa nje, akaketishwa kwa stuli. Wale vijana watatu na vichwa vyao, mama mzee, majirani, wote wakakaa. Ouma akainamisha kichwa vile alikuwa ameona Nick akifanya. Mkono wa mzee ulikawia, halafu ukamgusa.

Akafungua karatasi. Akasoma chini ya mistari yake mwenyewe myekundu, na Nick akatafsiri Kimaasai. Kuntai mwanangu, habari ya joto ya huko. Mimi baba yako niko mzima, ni goti tu. Hapo mdogo wa mwisho alishika uso. Mama yako ni mzima. Mama mzee akasema kitu, watu wakaitikia. Ng'ombe ni saba, lakini hao saba wamesimama. Wingu upande wa Kimuka. Kila kitu alichokuwa amekata, watu walikuwa wanakiitikia, mmoja mmoja, "ee," "ee," na hata mtoto wa jirani, hata kisima. Ilichukua muda. Alipomaliza Kuntai alikuwa analia waziwazi, na mzee amenyooka kwa stuli kama mtu amerudishiwa kitu.

Ouma akakunja karatasi akijua imeisha. Lakini mzee akasema neno.

"Anauliza habari yako," Nick akasema.

"Mwambie niko poa."

Nick akasema. Mzee akangoja.

"Anauliza, na?"

"Baba na mama ni wazima. Baba ako kazi."

"Na?"

"Huko Kitengela hakujanyesha. Stima inapotea."

"Na?"

Ouma aliangalia watu. Hakuna mtu alikuwa na haraka. Walikuwa wamekaa hapo tu, wanangoja ale habari zake mpaka zile za chini kabisa ya sufuria. Na hakuna sentensi ilikuwa inakuja, hata ya Kizungu.

"Mwambie," akasema, "mwambie sikukata kwa sababu ilikuwa ndefu. Mwambie nilikuwa na wivu. Na wewe. Kila mtu anakupenda wewe, na uko na B. Nilikuwa nataka waone makosa yako. Sikumfikiria mzee hata kidogo. Nilikuwa nataka kiti."

Nick aligeuka akamwangalia, akasahau kutafsiri. Mzee akamgusa na fimbo, aseme. Akasema, pole pole, macho yake yako chini, na Ouma alikuwa anasikia jina lake mwenyewe na jina la Nick yakipita ndani ya hayo maneno asiyoyajua, na hakuwa na njia ya kujua kama yametafsiriwa sawa. Alikuwa lazima aamini tu.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akacheka, cheko refu, akaongea, na boma lote likacheka na yeye.

"Amesema nini?" Ouma akauliza.

"Amesema sasa umefika," Nick akasema. Alikuwa anapangusa macho. "Tangu uingie ulikuwa bado njiani. Amesema kikao kingine cha ardhi ni mwezi ujao, na hiyo barua ya pili utaiandika wewe. Anataka goti liwe la kwanza. Limekuwa baya."

Jumatatu Mama Wahu alimpa Nick kiti. Ouma alivuta kreti ya soda akaketi, akaambiwa anaweza kukaa hapo mpaka amalize barua ya mzee, halafu aende kwa simiti ama kwa Mungu, vile ataamua. Saa nne Dolphine alimimina chai. Ya Nick kwanza. Ouma aliona, na ikamuuma vile vile, mahali pale pale.

"Dolphine," akasema.

"Nini, Kalamu?"

"Nyumbani wako aje?"

Dolphine alishikilia birika juu, hakumimina.

"Unauliza kweli ama unangoja nikosee?"

"Nauliza kweli."

Akaketi kwa stuli yake, taipureta ikanyamaza, na akaanza na habari ya mama yake.